Jumapili Ambayo Shangazi Hakuonja

Kuna dawa ya kupaka inayouzwa ndani ya kikopo cha bati, kidogo kama kifungo cha koti, ambayo ukiifungua mjini Baraka, mtu wa kule mbali Nundu anapiga chafya. Juzi jirani yangu wa sokoni alifungua kimoja kwa ajili ya mafua yake. Nikageuza uso upande wa unga wangu wa mihogo, ili mteja aliyekuwa mbele yangu asidhani ninalizwa na bei aliyonitajia. Nyumbani kwetu dawa ile haikuwa ya mafua. Ilikuwa ya mkono wa kushoto wa Baba, na mpakaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa mtoto wa umri ule ambao meno ya mbele yamekwenda na mengine hayajafika. Jioni Baba alikaa kwenye kiti chake, akavua shati, akaninyooshea mkono kama mtu anayekabidhi mzigo, nami nikausugua kuanzia bega mpaka kidole cha mwisho. Alikuwa anasema umejaa maji ya moto, mara anasema umejaa mchanga. Mama alikuwa na hakika ni madumu ya mawese aliyokuwa anabeba zamani, kabla hajapata vijana wa kumbebea. Mimi nilikuwa na hakika zaidi ya Mama: nilidhani mkono ule unauma kwa sababu ndiyo ulioachwa bila kazi, maana Baba alikula kwa mkono wa kulia, alisalimia kwa mkono wa kulia, na sigara yake ilikaa huko huko. Kwa hiyo nilipousugua nilikuwa naubembeleza, nauambia usione wivu.

Ninyi mliorudi pamoja nasi kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa mnakumbuka tulivyokuwa. Wembamba! Ukisimama kando ya mpapai, watu wanausalimia mpapai. Basi Baba alipoanza kuuza mawese na mwili wake ukaanza kujaa, mtaa mzima ulipokea kitambi chake kama maendeleo ya wote. Kilikuwa kitambi cha heshima. Mvua ikinyesha, vidole vyake vya miguu havilowi. Nimeona kwa macho yangu mawili kuku amejikinga chini yake pamoja na vifaranga. Bamama walikuwa wanasimama mlangoni kumpongeza Mama: "Unamutunza muzuri, mama! Ona vile bwana yako iko nang'ara." Mama anatabasamu, anamwongezea mawese kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Chumvi Baba aliitia mwenyewe, hata kabla hajaketi vizuri. Hakuna mtu katika mji ule aliyewahi kumfunga kile kitambaa cha kupimia tansiyo, yaani presha ya damu. Ya nini? Tansiyo ilikuwa ugonjwa wa bibi vizee na wa watu wenye hasira, na Baba hakuwa na hasira hata kwa wadeni wake.

Nyumba yetu ilikuwa juu, kwenye mteremko, na depo ya mawese ilikuwa chini, karibu na ufuko. Adhuhuri nilitumwa kwenda kumwita Baba aje kula, na njia ya kupanda ndiyo iliyonifundisha kwamba Baba yangu alipenda ziwa kuliko mtu yeyote wa ufuko mzima wa Tanganyika. Tulikuwa hatufiki mbali. Anasimama, anageuka, anashika kiuno, anatazama maji.

"Mama," ananiita hivyo mimi bintiye, "ona ile mutumbwi."

"Ile ya injini?"

"Ile. Unaizania iko natoka wapi?"

"Lweba."

"Apana. Angalia tena muzuri."

Nami naangalia muzuri. Ninapogeuka kutoa jibu, namkuta amefumba macho, ameweka ngumi katikati ya kifua kama mtu anayeapa, na jasho linamtiririka ijapokuwa upepo wa ziwa unatupiga. Halafu anafumbua macho, anasema twende. Tunapanda kidogo, anakumbuka tena kulipenda ziwa. Nilikuwa najivuna shuleni kwamba baba yangu anajua mitumbwi yote kwa majina. Kumbe hakuwa akitazama mtumbwi hata mmoja. Alikuwa anasubiri kifua kimwachie.

Siku hizi najua kwamba moyo ulikuwa unamwita kwa jina, kwa sauti kubwa, mchana kweupe, nasi tukawa tunaitikia milango mingine. Taya lilipoanza kumuuma kila akipanda mlima, alikwenda kwa mzee mmoja wa sokoni aliyekuwa na koleo, koleo ambalo naapa lilianza maisha likitoa misumari ya mitumbwi. Mzee akang'oa jino zima, zuri, jeupe, la mtu ambaye angeweza kuvunja nalo mfupa wa ng'ombe. Baba akarudi nalo mfukoni, shavu limevimba, akaniambia sasa tuko sawa, wote mapengo. Wiki ileile taya likauma tena, akaenda wakang'oa la jirani yake. Kifua kilipowaka baada ya kula, ilikuwa gazi, hewa ya tumboni. Akanywa maji ya majivu na malimau mpaka midomo ikababuka. Alipoanza kuchoka asubuhi, kabla hata ya kufanya kazi, watu walisema ni uzito wa pesa. Kila kiungo kilipata tabibu wake. Moyo wenyewe haukupata mtu.

Na hapo sasa aingie Shangazi Nyota, maana bila yeye ningekuwa nasimulia ugonjwa tu.

Shangazi alikuwa dada wa Baba, mdogo wake wa kumfuata. Aliolewa, hakupata mtoto, mume akamrudisha. Alijijengea nyumba ndogo juu ya kwetu, akalima, akaimba kanisani kwa sauti ambayo ilihamisha popo. Kila Jumapili baada ya ibada Baba alikula kwake. Hiyo ilikuwa sheria. Baba Mukubwa, kaka yao mkubwa, alikuja pia. Na mimi nilichukuliwa kama mkia. Mama alibaki nyumbani na mtoto mchanga, na nadhani alifurahi kuzipumzisha sufuria.

Kula kwa Shangazi kulikuwa ni vita ya maneno kabla ya vita ya vijiko.

"Yaya," anamwita kaka yake hivyo, "hiyo tumbo utaizaa siku gani?"

"Siku utaolewa tena."

"Basi itakuozea ndani!"

"Leta bugali, mwanamuke. Muntu wa njaa hapigane."

Anacheka, anaweka chakula, ananawisha watu mikono. Halafu anafanya jambo ambalo kwetu linafanywa katika kila nyumba yenye adabu. Anamega bugali, anachovya kwenye mchuzi, anakula yeye kwanza mbele ya macho yetu. Akileta kinywaji, anamimina kidogo, anakunywa yeye kwanza. Wanaotoka mbali wanadhani mpishi ana uroho. Hapana. Anakuonyesha kwamba hakuna sumu. Kwetu mtu akifa ghafla, au akikonda, au akikohoa sana, neno la kwanza linalotoka mdomoni ni hilo: wamempa. Kwa hiyo mwenye kupika anaonja, na mwenye kula anatulia roho, na hakuna anayeona aibu.

Mimi mtoto sikuelewa hivyo. Hakuna aliyenieleza, nami nikajieleza mwenyewe, na maelezo yangu yalikuwa mazuri mno: niliamini kwamba kila chakula kinaiva na sumu ndani yake, kama vile muhogo mchungu, na kwamba mdomo wa aliyepika ndio unaoitoa. Shangazi akimega tonge la kwanza, nilikuwa naona kabisa sumu ikiondoka kwenye sahani kama moshi. Nilimheshimu kwa hilo kuliko pasteri.

Jumapili ile kulikuwa na mikebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani, na sombe. Nakumbuka mikebuka ilikuwa imepangwa vichwa upande mmoja, kama watu kanisani. Shangazi alileta kila kitu, akatunawisha, akarudi nyuma, akakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Mikono yake ikabaki magotini.

Baba Mukubwa akamtazama. "Nyota. Hauonje?"

"Leo mi sikule, Yaya. Kuleni tu."

"Kwa nini haukule?"

"Njaa haiko."

"Weye? Njaa haiko?" Baba akadakia, akicheka, na kucheka kule kukamkatikia katikati. Uso wake siku ile ulikuwa na rangi ya majivu ya jana. "Leta hapa. Mi niko na njaa yetu sisi wawili."

Akamega. Baba Mukubwa akangoja kidogo, halafu naye akamega. Mimi nikaogopa kidogo, lakini mikebuka ilikuwa inanitazama, nikala. Tulikula wote watatu kwenye sahani moja, na hilo nalisema polepole, mlisikie.

Hatukumaliza. Baba aliacha tonge kwenye mchuzi. Jasho lilimtoka si kama la mtu mwenye joto, lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa ndoo, na nilipomgusa alikuwa baridi kama samaki. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anaomba chumvi, "Kuna muntu amekaa juu ya kifua yangu." Akashika mkono wake wa kushoto. Halafu akageuka upande, akatapika.

Kutapika kule ndiko kulikommaliza Shangazi. Baba angeanguka tu, pengine wangesema malaria. Lakini alitapika chakula cha nyumba ambayo mwenye kupika hakuonja.

"Bamemupa," alisema Baba Mukubwa. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu aliyekuwa analisubiri neno hilo tangu baba yao mwenyewe alipokufa akiwa amekaa kwenye kiti, jembe mkononi. Na tangu ndugu yao mwingine alipoanguka shambani akiwa kijana. "Banaume ba kwetu banachukuliwa mubiyo," ndivyo alivyokuwa akisema siku zote. "Kuna adui ndani ya familia." Familia nzima ilijua kwamba wanaume wetu wanakufa kwa ghafla, na familia nzima ilikaa ikimtafuta adui.

Shangazi alikuwa amepiga magoti, anamfuta Baba mdomo kwa kanga yake. Baba Mukubwa akamvuta mkono, akamsukuma kando. "Usimuguse tena."

Vijana wakaitwa, machela ya miti ikafungwa, ile tunayoiita kipoyi. Baba alikuwa mzito, wakabeba wakipokezana, wakaguna, mmoja akatania kwamba wanabeba depo yote pamoja na mawese. Baba akajaribu kucheka. Mimi nilikimbia nyuma yao nimeshika kiatu chake kimoja kilichodondoka.

Na sasa ninakuja kwenye mlango wa hospitali. Nimeshausimulia mlango huu kwa watu wengi, na kila mara natamani njia ipite kwingine. Ulikuwa pale pale barabarani, umefunguliwa. Muuguzi mmoja alikuwa amesimama nje akizungumza na mtu, akaona kipoyi, akaona ule uso, akaanza kuja mbio.

"Mumulete! Mumulete humu!"

"Huyu ni wa sumu," Baba Mukubwa akamjibu bila kusimama.

"Hata kama ni wa sumu! Bamuangalie kwanza, baba!"

"Mumupige shindano afe? Wa sumu hapigwe shindano. Kila mutu anajua."

Ni kweli, kila mtu alijua. Mpaka leo muulize yeyote njiani: aliyepewa sumu akichomwa sindano, au akiwekewa maji ya mshipani, anakufa hapo hapo, kwa hiyo kwanza muganga wa sumu, hospitali baadaye. Nilikulia ndani ya hakika hiyo kama ndani ya nyumba. Baba aliinua mkono wake wa kulia kuelekea kwenye mlango ule, vidole vimefunguka, akauacha hewani mpaka mlango ukapita. Mimi nilidhani anamuaga muuguzi. Nami nikampungia muuguzi, kwa kiatu.

Muganga alikaa juu, mbali, kwenye njia ambayo pikipiki haipiti. Alikuwa na jina kubwa. Walisema ameshatapisha watu chura, nywele, hata kipande cha nguo. Alimpa Baba kikombe cha mizizi iliyochemshwa, cheusi, kikubwa. Baba akatapika. Akampa kingine. Halafu akaamuru asimamishwe na atembezwe uwanjani, ili dawa ishuke na kuitafuta sumu miguuni. Vijana wawili walimshika makwapa, wakamtembeza kwenda na kurudi, mtu ambaye moyo wake ulikuwa unaomba kitu kimoja tu duniani, apumzike. Alikwenda, akarudi. Alikwenda. Kwenye kurudi miguu ilikataa.

Jua lilikuwa bado juu ya milima. Muganga akanawa mikono, akasema, "Mumechelewa. Hii ilikuwa kubwa." Akapewa kuku wake.

Msibani ndipo nilipojulikana mtaa mzima. Bamama walikuwa wanapika nyuma ya nyumba, sufuria kubwa za kulisha waombolezaji, na mimi, kwa elimu yangu, nikaona hatari: hakuna mtu anaonja. Nikaanza kazi. Nilizunguka sufuria moja baada ya nyingine na kijiko changu, nikaonja maharage, nikaonja mchele mbichi, nikaonja chai ya moto mpaka ulimi ukawa kama ngozi ya ngoma, nikaonja maji ya kuoshea vyombo kwa usalama zaidi. Walinifukuza, nikarudi. Mama mmoja akasema, "Mutoto huyu, baba yake amekufa na yeye iko nakula tu!" Nilikuwa nimeokoa maisha yake na hakujua.

Kwenye kikao cha familia walimkalisha Shangazi chini, peke yake, na wanaume kwenye viti. Nilikuwa nimelala mapajani mwa Mama, au nimejifanya nimelala.

"Tuambie, kwa nini haukuonja?"

"Nilikuwa nafunga."

"Ulisema njaa haiko."

"Nilikuwa nafunga kwa ajili yake," Shangazi akasema. "Kifua yake. Mukono yake. Nilianza kufunga ili Mungu amuondolee ile maumivu. Kanisani tulifundishwa, ukifunga, usitangaze."

"Pasteri alijua?"

"Ndiyo nasema, haitangazwe."

"Nani alijua?"

"Mungu."

Mtu mmoja akacheka. Sijui nani, na afadhali sijui.

Hapo mimi nikainua kichwa. Nikauliza kile ambacho kilikuwa kinanikera, si kwa ushujaa, kwa hesabu tu ya kitoto: mbona mimi na Baba Mukubwa tulikula na hatukufa? Kwa muda mfupi, naamini, mlango ulikuwa wazi kabisa na mtu yeyote angeweza kuupita. Halafu Baba Mukubwa akanijibu kwa upole, kama mwalimu mzuri.

"Mama, sumu ya kwetu inajua jina ya mwenyewe. Wengine munaweza kuila, munashiba tu."

Viti vyote vikaitikia kwa vichwa. Mbele ya sumu ya namna hiyo hakuna ushahidi utakaokusaidia.

Shangazi hakuruhusiwa kutupa udongo kaburini. Vijana walishaanza kuzungumza kuhusu nyumba yake na kiberiti, kwa hiyo aliondoka kabla hawajamaliza mazungumzo. Alikwenda Kilembwe kwa watu wa upande wa mama yake, na godoro kichwani na sufuria moja. Mama alitoka kumsindikiza, akafika kwenye kona, akasimama, akarudi. Sikumsikia Mama akisema kwamba Shangazi aliua. Sikumsikia pia akisema kwamba hakuua. Sauti ile iliyohamisha popo haikusikika tena kanisani, na popo walirudi.

Nilikua. Niliuza ndizi, niliuza sabuni, niliolewa, nilizaa, na nikiwa na watoto waliokwisha kujua kusoma niliamua kwamba hawatanishinda, nikajiandikisha école du soir. Tulisoma jioni baada ya soko, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti masikioni. Mimi ndiye niliyekuwa mchekeshaji wa darasa. Nilikuwa nasema dawati langu lilinisaidia kuzaa mtoto wa mwisho. Jioni moja mwalimu wa biolojia alichora moyo ubaoni. Ulifanana na parachichi lililokanyagwa. Akasema moyo nao unalishwa damu kwa mishipa yake, na mishipa hiyo ikiziba, nyama ya moyo inaanza kufa. Na kabla ya hapo mara nyingi unatoa taarifa. Akaanza kuandika: kifua kubanwa ukipanda mlima, kuachia ukipumzika. Maumivu yanayokwenda mkono wa kushoto, bega, mgongo, taya. Jasho la baridi. Kichefuchefu, kutapika. Pumzi fupi. Uchovu usio na sababu. Kwa wanawake, akasema, wakati mwingine kifua hakiumi sana, ni uchovu tu na tumbo na pumzi. Kisha walio hatarini zaidi: wenye tansiyo, wenye sukari, wavuta sigara, wenye kitambi, wanaokula chumvi na mafuta mengi, na wale ambao baba zao au kaka zao walikufa ghafla wakiwa bado vijana.

Nikasimama. "Mwalimu, huyo ni baba yangu."

Darasa lote likacheka. Walizoea kwamba nikisimama ni mzaha. Walicheka mpaka mmoja akapiga dawati. Na mimi nikacheka pamoja nao, kwa sababu mdomo wangu haukujua kufanya kitu kingine, nikakaa chini, nikanakili ubao wote kwa mwandiko mzuri.

Ninyi wa rika langu, sasa sisi ndio wenye vitambi. Nawaona sokoni, nawaona kanisani, mnaning'inia juu ya mikanda. Mkisimama mlimani kupenda ziwa, tafadhali, nendeni mkapimwe. Kikiwakaa kifuani kile kitu kizito na jasho la baridi likaja, msinipigie simu mimi, msitafute adui, pandeni pikipiki mwende hospitali wakati huo huo, na atakayewaambia habari ya sindano mwacheni njiani anaongea.

Nilikwenda kwa Baba Mukubwa na daftari langu. Alikuwa amezeeka, amekaa uani akiota jua. Nilimsomea kila mstari. Alisikiliza vizuri, nawaambia ukweli; aliuliza hata swali juu ya taya. Halafu akafunga macho.

"Ile maneno ilishakwisha, mutoto wangu."

"Haijakwisha, Baba. Shangazi iko Kilembwe. Useme tu mbele ya familia kwamba haikuwa sumu. Neno moja."

"Nikisema haikuwa sumu," akasema, "batauliza: basi nani alimupitisha mulango wa hospitali?"

Alikuwa ameelewa somo kuliko darasa letu zima. Aliniomba nimletee maji. Nilimletea, akangoja. Nikaonja, nikampa.

Basi nikapanda pikipiki kwenda Kilembwe mwenyewe. Njia ile ilinitikisa mpaka nikafika nimebadilishana viungo. Figo la kulia liko kushoto hadi leo. Nilimkuta Shangazi mbele ya nyumba, anabangua karanga. Mwili wake ulikuwa umekauka, lakini alinitambua kwa mbali na akanitukana kwa furaha, kwamba nimechelewa kama mvua ya mwaka wa njaa. Nilikaa. Nikamwambia yote: parachichi la ubaoni, mishipa, mkono, jasho. Kwamba Baba alikuwa anakufa kabla hajafika mezani kwake.

"Umetoka mbali hivi kuniambia sikumuua ndugu yangu?" akasema. "Mi nilikuwa najua."

"Najua ulijua, Shangazi. Nilitaka—"

"Najua kile ulitaka."

Aliendelea kubangua. Nilidhani tumemaliza. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba Jumapili ile, sisi tukiwa bado nje, Baba aliingia jikoni peke yake. Alimwambia kifua kinamlemea, mkono umekufa ganzi, na kwamba anataka kujinyoosha kidogo kitandani kwake. "Nikamuambia, ni njaa ile, Yaya. Kaa, kula kwanza, mikebuka itapoa." Mikono yake ilisimama. "Ya sumu, nilijua sikuweka. Miaka hii yote nililala usingizi. Sasa weye unasema moyo ilikuwa naita. Kama angelala? Kama ningeita batu mbele ya kula, bamupeleke hospitali?"

Mwalimu alikuwa ametuambia, ametuandikia, amepigia mstari: kila dakika ina thamani yake.

"Wapi, Shangazi!" nikasema. "Ilikuwa imeisha. Hata hospitali ingekuwa humo humo jikoni mwako, na madokta wote wa Kongo bamekaa juu ya mafiga, na wengine balitoka Ulaya kwa ndege wanapuliza moto, isingesaidia kitu. Mwalimu alisema hivyo. Alisema mara mbili."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akacheka kidogo, kwa ajili ya madokta juu ya mafiga. Akachukua karanga nyingine. Nikaona mabega yake yameshuka, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mdomo mkubwa.

"Na Yaya mukubwa?" akauliza. "Ulishamuambia?"

"Nilimuambia."

"Anajua sasa kwamba haikuwa mimi."

"Anajua."

"Anasema nirudi?"

Nilitafuta. Mimi, ambaye naweza kumpa kuku kivuli cha tumbo la mtu, nilitafuta kila mahali.

"Anakusalimia, Shangazi," nikasema.

Alipuliza maganda kwenye ungo, yakaruka, mengine yakaniangukia kwenye nguo. Akanipangusa.

"Umuambie nimeitika."